Baa kumi na mbili

Jumamosi iliyopita tulipiga blues Tabata, kwenye baa yenye meza tisa. Najua ni tisa kwa sababu kabla wateja hawajageuka kukutazama, mpiga gitaa huna kazi nyingine ila kuhesabu meza. Televisheni mbili, jiko la nyama choma karibu na mlango, na sisi watatu kwenye kona ambayo siku nyingine hukaa kreti za soda. Kreti zenyewe hazikuondolewa, zilisogezwa tu. Mbili tukazifudikiza, tukapandisha ampu yangu, ile spika ya gitaa, juu yake. Sikulalamika. Ampu ikikaa sakafuni mvumo unakuwa mzito, gitaa linaongea kama mtu mwenye mafua. Ikiinuliwa, hata kwa kreti ya soda, inaanza kutamka.

Mwaka huu natimiza miaka 68. Nimepiga kwenye kumbi zenye jukwaa na taa za rangi, nimepiga kwenye sherehe ambako mgeni rasmi alisinzia mstari wa mbele tangu wimbo wa pili. Siku hizi napigia watu thelathini, wakija. Vijana huniuliza kama huko si kushuka. Labda ni kushuka. Nitawaeleza jinsi kulivyo huku chini, kisha mkitaka mnionee huruma.

Mimi ni mtoto wa Tanga, Ngamiani, zile barabara zenye namba. Mji ule ulikuwa na bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, kwa hiyo magitaa hayakuwa kitu kigeni kwetu. Kigeni alikileta mjomba wangu, baharia, mwaka 1973: santuri ya B.B. King, Mmarekani mpiga blues, iliyorekodiwa mbele ya watu, Chicago, 1964. Kiingereza changu kilikuwa cha darasani, sikuelewa anamlalamikia nani. Nilichoelewa ni kwamba mtu yule anaimba mstari, ananyamaza, halafu gitaa linamjibu. Hapigi huku anaimba. Wanapokezana, yeye na gitaa, kama wazee wawili barazani. Na gitaa lenyewe halikupigwa kama tulivyozoea sisi, noti baada ya noti, safi, mbiombio. Alikuwa anausukuma waya pembeni mpaka sauti inapanda yenyewe na kutetemeka huko juu. Mjomba akasema, "Huyu anauliza waya," yaani anaufanya ulie. Hadi leo sina neno bora kuliko hilo.

Nikataka kuuliza waya na mimi. Tatizo likawa waya wa tatu, ukihesabu kuanzia ule mwembamba kabisa. Kwenye seti tulizozipata wakati ule, waya wa tatu ulikuwa umezungushiwa waya mwingine juu yake, mnene, ukiusukuma unakusukuma. Rafiki yangu mmoja ndiye aliyegundua ujanja: chukua waya wa pili uuweke mahali pa wa tatu, wa kwanza uuweke mahali pa wa pili. Unabaki bila waya wa kwanza. Huo tulichomoa uzi mmoja kwenye kebo ya breki ya baiskeli. Ulikuwa ukipata kutu kwa wiki mbili na unachana vidole, lakini waya wa tatu ulilia. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikijiona nimefika Chicago kwa baiskeli ya mtu.

Dar nilikuja 1979, mwaka ule ambao mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari kule Mombasa, na kila kijana mwenye gitaa alikuwa anapiga vipande vyake kama tanzia. Nikapata kazi kwenye bendi ya shirika moja la umma. Kwenye makaratasi nilikuwa karani wa stoo. Wasiojua mambo ya wakati ule, ndivyo ilivyokuwa: shirika linamiliki vyombo vyote, kuanzia tarumbeta hadi maiki, wewe unalipwa mshahara, na siku ukiondoka unaondoka na mikono yako tu. Nilipoondoka miaka saba baadaye sikuwa na hata kamba ya kuvalia gitaa.

Kwenye mazoezi ya kwanza kabisa nililiza waya. Kiongozi wa bendi akasimamisha wimbo. Akasema, "Kijana, hapa hatulizi. Watu wamekuja kucheza, si kuzika." Bendi nzima ikacheka. Ilinichukua miaka kukubali kwamba alikuwa sahihi. Kwenye dansi magitaa yanafumwa kama mkeka: solo, second solo, rizimu, besi, kila moja na ukili wake unaojirudia, na utamu wote uko pale zinapopitana. Ukianza kuvuta noti unavyotaka wewe, unakanyaga njia ya mwenzako. Nikaacha. Miaka saba sikuliza waya hata mmoja hadharani. Nilikuwa nalia nyumbani, bila ampu, usiku.

Sasa nirudi Tabata.

Blues ina baa kumi na mbili. Nasema baa ya kipimo cha muziki, si baa ya bia, wala baa la njaa, ingawa kwa upande wangu zote tatu zimewahi kukutana usiku mmoja. Baa nne za kwanza uko nyumbani, tuseme kodi ya C (kodi ya gitaa, noti kadhaa zinazolia pamoja). Mbili unakwenda kwa jirani, F, na mbili unarudi. Ya tisa unapanda hadi G, ya kumi unashuka F, mbili za mwisho umekaa kwako. Kodi tatu basi, na ndizo zilezile zinazobeba nusu ya nyimbo za dansi mnazozililia kwenye zilipendwa. Ndiyo maana naweza kuziingiza bila mtu kushtuka. Naanza na wimbo wa zamani ambao mzee wa meza ya tatu ameuomba, tunaupiga kwa adabu zote, kisha badala ya kuumaliza, mpiga besi wetu (mchana ni fundi wa friji) anaanza kutembea taratibu, kijana wa drams anahamia kwenye mwendo wa mapigo matatumatatu, na sisi tayari tumevuka mpaka.

Maneno nayo ni mepesi kuyatunga. Mstari mmoja unaimbwa mara mbili, wa tatu unajibu. Ule unaorudiwa unampa mtu nafasi ya kusikia, na unakupa wewe nafasi ya kukumbuka wa tatu. Wangu wa siku hizi ni huu:

Nimenunua umeme wa elfu mbili, umekata kabla ya alfajiri,
Nasema nimenunua umeme wa elfu mbili, umekata kabla ya alfajiri,
Jirani anapepewa na feni, mie nimeambiwa nisubiri.

Shida yetu kubwa si muziki, ni mpira. Tulipofika Jumamosi, mama mwenye baa alinipokea kwa heshima zote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Mambo ya hapa?"

"Mazuri, mzee wangu. Ila leo kuna mechi. Saa moja na nusu. Nikizima televisheni hawa wote wananihamia kwa jirani."

"Usizime. Tutapiga mapumziko."

Akanitazama kama ananipima homa. Lakini mimi nimeshapiga hesabu hiyo. Mapumziko ni dakika kumi na tano. Mwendo wangu wa taratibu ni pigo moja kwa sekunde, baa kumi na mbili za mapigo manne ni sekunde arobaini na nane. Mizunguko kumi ni dakika nane kamili. Inabaki nafasi ya wimbo mmoja wa kuchangamsha na watu kwenda msalani. Mama anabana sauti ya televisheni, sisi tunafungua yetu, na refa akirudi uwanjani tumeshaweka magitaa chini. Kuna ukumbi gani mkubwa duniani utakaokupa hadhira iliyoshiba, iliyokaa, na isiyo na pa kutazama kwa dakika kumi na tano?

Mzunguko wa saba hivi, niko baa ya tisa, nimepanda juu kabisa kwenye waya wa tatu, nausukuma. Ukakatika. Sauti yake si kubwa, ni kama mtu kavunja njiti ya kiberiti sikioni mwako. Kwenye bendi ya shirika ningetabasamu na kugeukia ampu, magitaa mengine mawili yangenifunika, na hakuna mcheza dansi angejua. Hapa gitaa ni moja. Nikinyamaza, kinachobaki ni fundi wa friji na mtoto wa mtu. Lakini noti ileile ipo kwenye waya wa pili, nafasi nne nyuma. Mkono ulifika kabla mimi sijafikiri. Waya wa pili ni mwembamba zaidi, unakunjika kirahisi mno, nikauzidisha, noti ikapita mahali pake na kwenda juu kidogo kuliko haki. Kosa. Nikairudisha polepole, ikashuka inalalamika njia nzima mpaka nyumbani.

Kijana mmoja wa meza ya mbele, kavaa jezi, alikuwa ametupa mgongo tangu tufike. Akageuza kiti. Si kichwa, kiti kizima, nikasikia miguu ya plastiki ikikwaruza sakafu. Tulipomaliza akaja.

"Babu, huo wimbo wa nani?"

"Wangu."

"Wako wapi! Umeme wa elfu mbili ni mimi huyo. Juzi nimelala giza."

Akanibandika noti ya elfu tano kwenye paji la uso, jasho likaishika vizuri, nami nikaingia wimbo wa pili nikiwa nayo hapohapo kwa sababu mikono yote ilikuwa kazini. Kisha mpira ukarudi, naye akarudisha kiti chake kama kilivyokuwa. Simlaumu, timu yake ilikuwa nyuma kwa bao moja.

Nimepata kupigiwa makofi na ukumbi mzima nikiwa mmoja wa watu ishirini jukwaani. Makofi yale huwezi kujua ni ya nani. Ya mwimbaji, ya tarumbeta, ya mtindo mpya, ya bia. Kile kiti kilichokwaruza nakijua kilikuwa cha nani na kiligeuka kwenye baa ipi. Ilikuwa ya kumi, nashuka F. Na kilichokigeuza ni kosa langu, hilo ndilo linaloniudhi kidogo.

Mechi ilipokwisha tukapiga hadi karibu saa sita, kwa sauti ndogo, maana nyuma ya ukuta kuna familia inalala na mwenye nyumba alishatuma mtoto mara mbili. Kupiga kidogo ni kazi kuliko kupiga kwa nguvu. Kijana wetu wa drams alitumia fito za mwanzi badala ya vijiti, na bado nilimtolea jicho. "Mzee, nikipunguza zaidi ya hapa nitakuwa napangusa vumbi," akanijibu. Basi pangusa, mwanangu.

Mama alitulipa elfu themanini, zote noti za elfu mbilimbili kutoka kwenye kopo la jikoni, zina harufu ya ndimu na pilipili. Tunzo zilikuwa elfu ishirini na tatu. Tukatoa bajaji ya kubebea ampu, tukagawana tatu sawa, mimi sichukui zaidi kwa ajili ya mvi. Nilichobaki nacho kingenunua seti moja ya waya Kariakoo, na nauli ya kwenda kuifuata.

Sikuinunua. Waya wa tatu ninao wa akiba kwenye bahasha, na zile nene tatu nimezichemsha. Kama hamjui, waya mnene ukizeeka haufi, unaziba. Jasho na mafuta ya vidole vinajaa kwenye mizunguko yake na sauti inakuwa butu. Unaukunja kama kanga ya kufutikwa kibindoni, unautia kwenye maji yanayotokota dakika kumi, unaufuta, unauanika ukauke kabisa. Unarudi na mlio wa ujana, wa siku tatu nne hivi. Maji yanayobaki yana rangi ya chai ya rangi. Mke wangu alipoingia jikoni asubuhi ya Jumatatu alidhani ni chai kweli, akachukua sukari. Nimemzuia kwa sekunde chache. Tangu hapo nimenunuliwa sufuria yangu mwenyewe, dogo, limefungwa kitambaa chekundu mpini ili lisichanganywe.

Jumamosi hii tuko tena palepale, meza tisa. Mechi inaanza saa moja na nusu usiku. Njooni saa mbili na dakika kumi, mtuwahi mapumziko.