Betri za Asidi na Mkondo Usiotulia

Ofisi ya steshenari ninayoisimamia mjini Masasi hutegemea inveta na betri za kuongeza maji kila umeme unapokatika, na kwa muda mrefu betri hizo zilichakaa upesi ingawa zilipojaa, zikiwa bado kwenye chaja, zilisoma takribani volti 13.6, kiwango kinachofaa kwa betri ya volti 12. Kilichonitia shaka ni joto: kila zilipochajiwa kisanduku cha betri kilipata moto, na maji yakapungua haraka.

Chaja yetu ilikuwa transfoma na dayodi nne tu. Kwa umeme wa hezi 50, mkondo wa chaja ya namna hiyo hupanda na kushuka mara 100 kila sekunde, lakini multimita ikiwekwa upande wa mkondo mnyoofu husoma wastani peke yake. Niliazima kwa fundi mita ya kubana waya inayosoma wastani huo na pia mkondo geu, yaani ile sehemu inayopanda na kushuka, nikakuta betri ya ampea-saa 100 inapokea ampea 8 za wastani, na juu yake ampea 9 za mkondo geu, ilhali kwa betri iliyojaa inashauriwa mkondo geu usizidi ampea 5. Ampea hizo 9 hazijazi chochote, zinapasha moto tu. Na kwa kuwa joto la ukinzani hufuata mraba wa mkondo, betri ilikuwa ikipashwa zaidi ya mara mbili ya ambavyo ampea 8 tulivu zingeipasha. Joto linapozidi nyuzi 25, kila nyongeza ya nyuzi 10 hivi hupunguza umri wa betri kwa nusu, maana plati chanya hulika haraka. Nasi chini ya bati la Masasi tayari tumeshazipita hizo 25.

Fundi alipendekeza kapasita ya kutuliza mkondo. Sikukubali, kwa sababu hata kapasita ya mikrofaradi 10,000 huwa na ukinzani wa omu 0.16 hivi kwa hezi 100, wakati betri nzima ina sehemu chache tu za elfu za omu, kwa hiyo viwimbi, yaani huko kupanda na kushuka kwa mkondo, vingeendelea kupitia kwenye betri. Koili nzito ya shaba ingefaa, lakini bei yake ilikaribia ya chaja mpya. Nilinunua chaja ya kielektroniki yenye kihisi joto kinachobandikwa kwenye betri, ambayo hushusha volti takribani 0.02 kwa kila nyuzi inayoongezeka. Mita sasa husoma mkondo geu usiofika nusu ampea, na kisanduku hakizidi joto la chumba. Viwimbi vilivyobaki hutoka kwenye inveta yenyewe inapobeba kompyuta, na hivyo chaja haiwezi kuviondoa.