Jasho la Omena

Jumapili iliyopita mvua ilitukuta sokoni Kibuye, Kisumu. Akina mama wakakimbilia maturubai, lakini omena za mmoja wao zilikuwa zimeshalowa chepechepe, na ile harufu ikapanda, nusu ya ziwa, nusu ya uvundo. "Hizi sasa ni za kuku," akasema, akilisukuma gunia kando kwa mguu. Nikabaki nimesimama na mwavuli wangu, nikimfikiria Dani.

Kikaushio changu cha kukaushia samaki kwa jua mnakijua, nimewachosha nacho vya kutosha. Sanduku la mbao, trei za wavu, nailoni juu. Pale karakana ya chuo kilifanya kazi vizuri ajabu, labda kwa kuwa tulikijaribu na vipande vya nyanya. Nilipokifikisha ufuoni Dunga, nailoni ikatoa jasho kwa ndani, matone yakawadondokea samaki walewale tuliotaka kuwakausha. Dani (yaani bibi, kwa Kijaluo; ufuo mzima ulimwita hivyo, nami nikafuata) akaja, akachungulia, akacheka, akaniita mwanangu: "Nyathina, hili jasho litatokea wapi?" Akaokota jiwe, akainua upande mmoja wa kifuniko. Matone yakaanza kuteleza, moja likimeza jingine, hadi ukingoni, ambako alikuwa ametega mkebe uliopasuliwa katikati. Kisha akarudi kwa samaki wake.

Mwaka uliofuata nikaitwa kwenye ofisi ya chuo inayoshughulikia uvumbuzi. Niliingia nimenuna. Nilikuwa nimesoma kifungu cha 32 cha Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001: ukivumbua kitu katika kazi uliyoajiriwa kuifanya, na mkataba wako hausemi vinginevyo, haki ni ya mwajiri. Wewe unabaki na jina lako kwenye hataza, ile hati ya kulinda uvumbuzi, na malipo ya haki kama uvumbuzi huo utakuwa na thamani ya kipekee. Ya kipekee kwa macho ya nani, nilijiuliza.

Ofisa alikuwa kijana mpole, kikombe chake cha chai kikiwa juu ya faili la mtu mwingine. Alinisikiliza nikimaliza hasira zangu, halafu akavuta fomu.

"Mwalimu, sanduku la kukaushia kwa jua si jambo geni. Hili lako lina nini ambacho mengine hayana?"

"Mwinamo wa kifuniko. Na mfereji wa kunasa jasho."

"Hapo sasa!" Akaandika, na nikaliona dai la kwanza, yaani kile hasa tunachoomba kilindwe, likizaliwa kwa mwandiko wake uliolala. Trei, wavu, mbao, vyote hivyo havikumshughulisha. Kilichobaki kwenye karatasi kilikuwa lile jiwe na ule mkebe, vimevishwa suti.

"Kuna mtu wa nje aliyechangia wazo hili? Maana kama yupo, hicho kifungu cha 32 hakimgusi. Si mwajiriwa wetu. Itabidi chuo kikubaliane naye, atie sahihi, na safari inakuwa ndefu."

Kalamu yake ilikuwa imesimama kwenye mstari wa wavumbuzi. Ncha ilikuwa imegusa karatasi, na doa la wino likawa linakua polepole, dogo kama jicho la omena. Nje mtu alikuwa anaburuta kiti kwenye sakafu. Nilikuwa na muda wa kutosha. Hilo ndilo linalonisumbua: muda nilikuwa nao.

"Ni mimi tu," nikasema.

Akaandika jina langu, akafungua ukurasa wa pili.

Kwa wiki kadhaa nililalama kwenye kantini kwamba chuo kinanipora jasho langu. Wenzangu wakanionea huruma, mmoja akaninunulia chapati.

Mengine hayana utamu. Faili lilingoja kamati ikae, kamati ilipokaa likangoja ada. Wakati huo wote nilisahau kwamba nilishakionyesha kikaushio hadharani, michoro na kila kitu, kwenye maonyesho ya chuo. Sheria inamvumilia mvumbuzi aliyejianika mwenyewe kwa miezi 12 tu kabla ya kupeleka maombi. Ikapita. KIPI, ofisi ya hataza kule Nairobi, hawakuona hata bahasha yetu. Hataza haikupatikana, mrabaha haukupatikana, na Dani hakudhulumiwa hata shilingi moja. Hesabu hiyo nimeirudia mara nyingi, na kila mara inatoka sawa, na kila mara siipendi.

Siku hizi mafundi wa jua kali wanaviunda wapendavyo, wengine kwa mabati, na kila nilichokiona kifuniko chake kimeinama.

Nikamuuliza yule mama wa Kibuye kwa nini hakutumia kikaushio.

"Kile cha mwalimu? Pale ufuoni kipo kimoja tu, foleni haiishi."

Nikafungua mdomo. Mvua ilikuwa inapiga turubai kwa nguvu, nikaufunga. Nikanunua gorogoro mbili za zile zilizolowa.

Nyumbani kwetu hatufugi kuku.