Mama Mdogo na Mla Uduvi wa Kilindoni

Novemba 2022 tulichanga, watoto wake na sisi watoto wa dada yake, ili Mama mdogo aiache meza yake ya dagaa na uduvi pale Tandika akapumzike. Magoti yalikuwa yakimsumbua na alikuwa hataki kusikia habari ya likizo. Mwisho akasema kama ni lazima basi iwe Mafia, maana Zanzibar kuna makelele. Mimi ndiye niliyekuwa sina mtoto mdogo wala zamu kazini, nikatwishwa kazi ya kumsindikiza.

Njia inachosha: gari mpaka Nyamisati, kule Kibiti ambako mto Rufiji unagawanyika kabla ya kuingia baharini, kisha boti mpaka Kilindoni. Mama mdogo alilala karibu safari nzima, ameegemea begi. Tulifikia nyumba ya wageni Utende, upande wa Ghuba ya Chole, ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Nia yetu ilikuwa kula, kulala na kuangalia maji.

Usiku ule ule akaniamsha. "We, amka. Kuna mtoto mchanga analia huko nje." Kweli nikasikia kilio, tena cha kukata roho. Tukatoka na kanga mabegani, tukamkuta mlinzi amekaa zake kwenye kiti. Akatuamkia, akamulika tochi juu ya mnazi. Macho mawili mekundu yakatutazama, nyuma yake mkia mnene wa manyoya. Komba! Mgema alikuwa ametundika kibuyu chake huko juu, na bwana huyu alikuwa amekifuata. Miaka yote nimesikia watu wakisema fulani amelewa kama komba, leo nikamwona mwenyewe yuko kilabuni. Mlinzi akatuasa tusitembee usiku kuelekea kwenye mabwawa, kuna viboko. Viboko, kisiwani? Wazee husema walisombwa na mafuriko ya Rufiji wakavuka bahari. Mama mdogo aliporudi chumbani alifunga komeo, kisha akasukumia kiti mlangoni.

Siku moja tulivuka kwa dau kwenda Chole kuwaona popo wala matunda. Ni wakubwa ajabu, wananing'inia mtini mchana kutwa wakijipepea kwa mbawa kama akina mama kwenye harusi ya joto. Jioni huondoka makundi kwa makundi kwenda kutafuta matunda, na tuliwaona wengine wakishuka kugusa maji ya bahari kwa kifua kisha wakapaa tena. Mama mdogo aliwatazama kidogo tu, akauliza tunarudi saa ngapi.

Kilindoni ndiko alikokaa macho. Kuanzia Oktoba mpaka Februari hivi papa potwe huonekana karibu kabisa na pwani ile, nami nilikuwa nimetamani kumwona tangu zamani. Tukapanda mashua ya injini asubuhi, bahari imelala. Nahodha, kijana mpole, akanipa masharti: usimguse, usimkatie njia mbele, kaa mbali na mkia. Mama mdogo alikuwa amevaa boya juu ya dera na ameshika ubao kwa mikono miwili.

"Huyo hapo, bi mkubwa," nahodha akasema.

Kivuli kilipita chini ya mashua, na kikaendelea kupita. Nikavaa miwani na mrija, nikajitosa. Alikuja akinielekea, kinywa wazi, kipana kuliko mlango wa kabati, ndani yake hakuna meno ya kutisha, ni weusi tu na maji yanayoingia. Nilisogea pembeni kwa kupiga miguu ovyo. Akapita ubavuni mwangu polepole, mgongo wa kijivu umejaa madoa meupe na mistari hafifu, kijicho kidogo kisicholingana kabisa na mwili ule. Chini ya tumbo walikuwepo chazo wawili wamejibandika. Nahodha alimkadiria mita 7. Wapo wanaopita 12. Mkia ulipofika nilikuwa nimesahau kupumua.

Niliporudi mashuani nikitweta, Mama mdogo hakuniuliza hata kama nimeumia. Alikuwa anazungumza na nahodha.

"Mwanangu, jitu lote hili linakula nini?"

"Uduvi, mama. Na vidudu vingine vidogo vidogo vya majini."

Akanyamaza. Akainama ukingoni, akachota maji kwa kiganja, akayaangalia juani. Vitu vidogo vyeupe, vyembamba kama nyuzi, vilikuwa vinarukaruka. Mtu aliyepima uduvi kwa kopo tangu mimi sijazaliwa hahitaji kuambiwa mara mbili.

"Kumbe tunagombea mzigo mmoja," akasema. "Na hanunui, anakula bure."

Nahodha alicheka mpaka akapunguza moto wa injini. Akamweleza kwamba wavuvi wa dagaa nao humwangalia huyo huyo. Akionekana sehemu, mara nyingi na dagaa hawako mbali. Hapo mapumziko yakawa yamekwisha. Tuliposhuka ufukweni hakutaka chai wala kivuli. Alikwenda moja kwa moja kwenye vichanja vya kuanikia, akavunja dagaa mmoja kati ya vidole, akanusa, akaonja, akaanza kubishana bei na wanawake wa pale huku nguo imemlowa mpaka magotini. Baadaye akaniomba simu yangu, akampigia jirani yake wa meza kule Tandika amtafutie mtu mwenye gari la kupokea magunia Nyamisati.