Miungu milioni 330? Hesabu upya

Ukiuliza Wahindu wana miungu mingapi, wengi hujibu milioni 330. Mkanganyiko uko kwenye neno "koti" (si la kuvaa). Katika hesabu ya Kihindi, laki 100 ni koti 1, na laki hiyo ndiyo hii yetu ya sokoni; kwa hiyo milioni 330 ni koti 33. Lakini katika Kisanskriti koti ni pia aina au daraja; ukilisoma hivyo, koti 33 ni aina 33 tu, na 33 inabaki 33.

Fungua Brihadaranyaka Upanishad, andiko la kale la Kihindu, 3.9. Shakalya anamuuliza mwenye hekima Yajnavalkya: miungu ni mingapi? 3,306. Haya, mingapi hasa? 33. Anambana tena na tena: 6, 3, 2, moja na nusu, 1. Yajnavalkya anafafanua: ile 3,306 ni nguvu za hao 33 tu. Ile 33 ni makundi matatu ya miungu, Vasu 8, Rudra 11 na Aditya 12, pamoja na Indra na Prajapati. Moja na nusu ni upepo, jibu tamu kuliko yote. Na yule 1? Pumzi, yaani Brahman, uhalisia mmoja ulio nyuma ya wote.

Ndiyo maana katika ibada ya panchayatana, sinia moja hubeba Shiva, Vishnu, Devi, Surya na Ganesha: umpendaye unamweka katikati, wanne pembeni. Jirani akimweka mwingine katikati, hajabadili dini.