Moto wa mifupa

Aliyenipoteza ni jirani yangu hapa Reading, mzee mmoja wa Kiingereza anayepanda nyanya. Mwaka wangu wa kwanza Uingereza alinishika mkono akanieleza kwamba neno la Kiingereza bonfire ni "moto mzuri", maana bon ni Kifaransa. Nikameza. Simlaumu sana, kwani hata Samuel Johnson aliandika hivyo hivyo kwenye kamusi yake ya mwaka 1755.

Juzi, tarehe 5 Novemba, usiku Waingereza wanapowasha mioto, tumesimama uwanjani tunaota moto wa mbao chakavu, mwanangu akaniuliza neno lile kwa Kiswahili ni nini. Nikasema, "Moto mkubwa wa nje." Akaniangalia kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

Basi usiku ule nikaanza kulichimba. Kumbe bon ni bone, yaani mfupa! Kamusi moja ya Kiingereza na Kilatini ya mwaka 1483 inaandika banefyre, halafu kwa Kilatini ignis ossium: moto wa mifupa, wazi kabisa. Waskoti mpaka leo mfupa wanauita bane. Sauti ya o ndiyo iliyofupishwa ndani ya neno refu, watu wakasahau asili, ndipo Kifaransa kikapata pa kujipenyeza.

Sasa kwa nini mtu achome mifupa? John Mirk, mtawa wa Lilleshall huko Shropshire, aliwaeleza waumini wake mwishoni mwa miaka ya 1300. Mkesha wa Mtakatifu Yohana, mwezi Juni, watu waliwasha mioto ya namna tatu: wa mifupa mitupu, wa kuni tupu, na wa mchanganyiko. Ule wa mifupa, anasema, ulikuwa wa kufukuza majoka yaliyoruka angani kipindi cha joto yakitia sumu visimani. Joka haliwezi kuvumilia harufu ya mfupa unaoungua.

Hapo nikacheka peke yangu jikoni. Kwetu Tanga, siku za kuchinja, mtoto akitupa mfupa jikoni kwenye makaa, bibi alikuwa anatoka na mwiko: "Nani huyo anatuletea uvundo?" Ila mkononi mwa kila mtoto mchanga alifunga kitambaa chenye mvuje, unanuka vibaya mno, ili mashetani yasimsogelee.

Nikampigia bibi simu, nikamhadithia habari ya majoka yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Masikini, mvuje hawakuwa nao?"