Mpaka Rajabu Iandame

Juzi binti yangu alirudi na daftari lake la Baiolojia, kidato cha pili hiki, akanikuta juu ya mbuzi nakuna nazi. "Mama, mwalimu kasema mimba ni wiki arobaini. Mimi nilikaa ngapi?" Nikamwambia arobaini na mbili kasoro kidogo. Akacheka. "Kumbe uvivu wa kuamka nilianza nao humo humo." Akaenda zake kuchaji simu, mie nikasahau hata nazi ilikuwa ya nini.

Ilikuwa Ramadhani ya 2010. Mwezi umeandama jioni, tumekula daku, na kabla ya saa nne asubuhi hedhi imeingia. Siku ya kwanza ya mfungo! Nyumba nzima imefunga, wewe umejibanza stoo unatafuna kiporo cha mihogo ili watoto wa wifi wasikuone. Tarehe ya namna hiyo haisahauliki. Ikawa ndiyo hedhi ya mwisho, na kliniki nesi akaijaza kwenye kadi, akazungusha kile kiduara chake cha kuhesabia, akaandika tarehe ya matarajio: 19 Mei 2011. Hesabu yenyewe nyepesi tu: kwenye tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi unajumlisha siku 7, unatoa miezi 3, unasogeza mwaka mmoja.

Mama mkwe hakuwa na haja ya kiduara. Alihesabu kwa vidole: Ramadhani, Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, akashuka nayo hadi Mfunguo Tisa. Miandamo kumi, na unaofuata ni Rajabu. "Mtoto huyo ana mpaka Rajabu iandame," akasema, na mjadala ukafungwa. Niliyaweka kwenye fungu la mambo ya wazee, mpaka siku nilipokaa na kalenda. Miandamo kumi ni kama siku 295. Wiki 42, ambazo zikishatimia hospitali wanasema mimba imepitiliza, ni siku 294. Yaani yeye na wakunga wa vyuoni wanapishana siku moja tu.

Tarehe 19 ikafika, ikapita. Masika yalikuwa yanamalizia hasira zake, vichochoro vya Ngamiani, hapo Tanga mjini, vimejaa tope, na kila niliyekutana naye alikuwa na swali lile lile: "Bado tu?" Wifi akasema ni wa kiume, wa kiume hukaa. Jirani akaniambia nideki nimeinama. Nikadeki sebule hadi simenti ikang'aa. Wiki ya 41 ilipotimia nikaenda hospitali na kadi yangu. Nikapimwa njia, ikaonekana imefunga, nikaambiwa nirudi nyumbani nisubiri uchungu, kwa sababu "tarehe zenu nyingi mnabahatisha." Nikaanza kueleza habari ya kiporo cha Ramadhani, lakini aliyenipima alishaita mwingine. Baadaye nilisoma kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri mama aliyefikisha wiki 41 kwa uhakika aanzishiwe uchungu. Kwa uhakika, wanasema. Mimi uhakika nilikuwa nao, ila hakuna aliyeuulizia.

Siku chache mbele, nimetoka kuoga, najifunga kanga, mama mkwe akaniita kutoka kwenye jamvi lake.

"Hebu jifunge tena."

Nikajifunga tena. Pindo lilikuwa linafika mbali kuliko juma lililopita. Akaweka kiganja ubavuni mwa tumbo, akakaa nacho hapo kimya. "Leo kacheza?" Nikafikiri. Asubuhi aligusa mara moja, labda. "Vaa, tunakwenda."

"Mama, si ulisema mpaka Rajabu?"

"Nilisema mtoto. Sikusema tumbo linywee."

Ya hospitali nayaruka: zamu nyingine, dripu ya uchungu, chupa kupasuliwa, maji kutoka mazito ya kijani, mkunga kumwita daktari, daktari kusema nipewe saa moja, isipowezekana nipelekwe chumba cha upasuaji. Saa yenyewe haikuisha.

Alitoka kimya. Mkunga hakusema ni wa kike wala wa kiume. Alimkausha na kanga yangu, akamsugua mgongo, akamsugua tena, kisha akakata kitovu na kumpeleka meza ya pembeni. Akamfunika pua na mdomo kwa kile kibarakoa cha mpira, akaanza kuminya puto lake taratibu. Nesi wa pili akashika kitovu pale kilipotokea tumboni, kwa vidole viwili, na kwa mkono wa pili akawa anagonga meza kufuata mapigo ya moyo ili mwenzake asikie bila kuuliza. Ta. Ta. Ta. Nikawa naisikiliza ile meza. Mara ya kwanza ilikuwa polepole mno, unapata nafasi ya kuogopa kati ya pigo na pigo. Halafu ikaanza kukazana. Ikakimbia. Kikatoka kilio, kidogo, cha kukwaruza, na mimi nikamsikia mtu analia kwa nguvu zaidi ya mtoto. Kumbe ni mimi mwenyewe.

Wakamgeuza chini ya taa nikamwona vizuri. Kwenye vifundo vya mikono na miguu ngozi ilikuwa inabambuka kama ganda la kitunguu. Mapaja yamekunjamana. Ule utando mweupe wanaozaliwa nao watoto haukuwepo, hata makwapani. Kucha zilikuwa zimepita ncha za vidole, na zimeshika rangi ya njano ya choo chake mwenyewe, na kitovu vilevile. Na macho kayakodoa, anatutazama mmoja mmoja.

"Huyu ameshakula akiba," mkunga akasema. "Kondo likichoka, mtoto anajilisha mafuta yake." Akachukua kadi yangu, akasoma, akapiga hesabu kimoyomoyo. "Kumbe tarehe yako ilikuwa sawa." Kisha akairudisha kadi juu ya meza.

Wakamtoboa kisigino kupima sukari, ikawa chini, nikaambiwa nimpe titi hapo hapo. Akanyonya bila kufundishwa. Usiku akaanza kupumua harakaharaka, wakamwekea oksijeni, wakihofia kwamba amevuta yale maji machafu mapafuni. Sikulala. Ilipofika usiku wa pili pumzi zikatulia, wakamtoa mashine.

Rajabu iliandama tuko bado wodini. Mama mkwe alikuja na chupa ya uji wa pilipili manga, akamkagua mjukuu kucha moja moja, akasema, "Niliwaambia kabla ya Rajabu." Sikumjibu, na mpaka leo sijui ningemjibu nini. Aliyenipa moyo nisubiri mwandamo ni yeye, aliyeona kanga imezidi ni yeye pia. Na waliokuwa na kiduara ndio walionirudisha nyumbani. Kila nikijaribu kumpata wa kumlaumu, hesabu inanikatalia.

Mtoto alikaa, akatambaa, akasimama kwa wakati wake, ila kutembea alichukua muda, na mimi nikawa nahesabu. Homa ya kwanza ya degedege nikahesabu. Hata sasa, akileta matokeo mabaya ya hisabati, najikuta narudi kwenye ile meza, najiuliza iligongwa polepole kwa muda gani kabla haijakazana. Daktari wa watoto alishaniambia zamani kwamba huyu hana tatizo lolote. Baba yake ana maelezo mengine. Anasema yeye alizaliwa siku yake kamili, wala hakuchelewa hata saa moja, na hisabati alipata sifuri.