Nilifika jua limeshazama

Jana mteja wangu mmoja kaniambia amealikwa chakula cha jioni kwa Wahindi wa mjini, akaniuliza avae nini, nikamwambia dada nguo siyo shida, shida ni saa. Hakunielewa. Ndiyo maana nimekaa leo niandike hii kitu, maana ninayo moyoni tangu mwezi wa saba.

Mimi ni fundi cherehani, niko Igoma. Vitambaa nachukua mjini kwenye duka moja karibu na Makoroboi, miaka sasa, na mama mwenye duka tumezoeana mpaka rangi ninayotaka ikiingia ananipigia simu usiku. Sisi hapa Mwanza wote tunawaita Wahindi basi imeisha, kumbe ndani yake kuna Waismailia, Mabohora, Singasinga, Wahindu, na wengine kama huyu mama ni Wajaini, yaani wa dini ya Kijaini, asili yao huko Jamnagar, Gujarat, na kila watu na utaratibu wao. Mimi nilikuwa sijui.

Akanikaribisha kwake Isamilo, saa kumi na moja na nusu jioni. Aliitaja mara mbili, na nilisikia. Ila mimi ni Msukuma wa Magu, kwetu mgeni hapangiwi saa, mgeni akifika ndiyo saa yenyewe, hata kama watu wamelala jiko linawashwa upya. Kwa hiyo ile saa kumi na moja na nusu kichwani ikawa "jioni jioni hivi". Nikamalizia suruali ya mtu, nikapanda daladala, Mabatini foleni haisogei, nikaja kudaka boda, nafika kule mlimani saa moja na robo, giza limeingia.

Zawadi nilikuwa nayo. Niliuliza kabla, akasema nyama hapana, samaki hapana, mayai hapana, nikasema sawa, nimeelewa, na mama yangu akanifungia michembe mfuko mzima, vile viazi vitamu vya kukausha, ile nyeupe iliyokaushwa vizuri, maana kwetu huendi kwa watu mikono mitupu. Aliyepokea ni bibi wa nyumba, mama mkwe wake, wanamwita Ba. Alipokea kwa mikono miwili, akanusa, akacheka kwa furaha. Kumbe Ba hali kitu chochote kinachochimbwa ardhini! Viazi, karoti, vitunguu, saumu, vyote hapana, kwa sababu ukiking'oa umeua mmea mzima pamoja na vidudu vilivyojishika kwenye mizizi, na wao msingi wao ni kutodhuru kilicho hai. Hilo nalo nilikuja kulijua baadaye, pale hakuna aliyesema neno.

Viatu tuliacha mlangoni. Nikamwamkia Ba "Mwadila", akaitikia Kisukuma safi kabisa, "Mhola", marehemu mume wake alikuwa na duka huko kwetu zamani. Nikajisikia niko nyumbani, na pale ndipo nilipojisahau.

Mezani kuna mabakuli ya dengu, bamia, kabichi, sambusa zilizojazwa ndizi mbichi badala ya viazi, chapati nyembamba ambazo ukimaliza moja inakuja nyingine ya moto, na mtindi mwembamba wa kunywa ambao kwa mtu aliyekulia maziwa mgando haukuhitaji utambulisho. Kitunguu hamna lakini harufu ipo, wanatumia mvuje. Nikala kwa mkono wa kulia kama nilivyofundishwa, nikataka kuongeza dengu, nikapeleka mkono uleule kwenye upawa. Binti wa nyumba, ana kama miaka kumi, akaniwahi taratibu, akashika upawa kwa mkono wake wa kushoto akanichotea, halafu akanitazama ili nione. Maana yake mkono wa kulia umeshafika mdomoni, ukigusa cha wote umekichafua, kwa hiyo wa kulia unakula na wa kushoto, ambao ni mkavu, ndiyo unachota. Sasa nifikirieni mimi! Kwetu kumpa mtu kitu kwa kushoto ni kumdharau, na ugali tunachovya bakuli moja wote na ndiyo undugu wenyewe. Mara ya kwanza mkono wa kushoto ulinitetemeka kabisa, nilihisi bibi yangu ananiangalia. Nikachota hivyo hivyo. Mara ya tatu ukazoea.

Ila Ba alikuwa hali. Sahani yake ipo mbele yake, safi, na glasi imefunikwa. Nikamwambia Ba karibu tule, akasema kula mwanangu. Nikamkaribisha tena, na tena, kwetu kumhimiza mtu ndiyo heshima. Kila mara anatabasamu tu, anamwambia mkwewe aniongezee chapati.

Kesho yake nikampigia rafiki yangu mwenye duka nikamuuliza Ba anaumwa? Akasita, nikambana, ndiyo akaniambia. Ba jua likizama hali tena wala hanywi hata maji, mpaka jua lichomoze kesho. Wao wengine wa nyumbani siku nyingi wanakula usiku, lakini Ba hajawahi kuvunja. Na jana alisema hawezi kutangulia kula kabla ya mgeni, akangoja. Akangoja mpaka jua likazama.

Sababu yake mtu wa Mwanza hahitaji kuelezwa sana. Si mnajua wale wadudu wa ziwani wanavyokuja kama moshi, ukiwasha taa tu wamejaa mezani, wako kwenye chai, wako kwenye mboga? Zamani watu wakipikia koroboi ilikuwaje. Anayeogopa kuua hata mdudu atakulaje gizani? Nilielewa mara moja, na kuelewa kukaniuma zaidi.

Niliomba radhi kwa simu, lakini nilikuwa naona haya kurudi. Mwezi wa tisa ikaingia meseji ya sauti kwenye WhatsApp, ni Ba mwenyewe. Walikuwa wamemaliza Paryushan, mfungo wao mkubwa, na mwisho wake kila mtu anawaomba watu wake msamaha, wanasema Micchami Dukkadam. Akaniambia kwa Kiswahili, kama nimekukosea kwa kujua au kutokujua, nisamehe. Ba ananiomba mimi! Nililia pale pale juu ya cherehani.

Oktoba nikaomba kwenda mwenyewe. Nikafunga kazi saa nane, nikabeba nanasi za Geita na papai, saa kumi kamili niko mlangoni. Jua la Oktoba huku linawahi kidogo, saa kumi na mbili na nusu hivi linaanza kugusa maji, na kwao ziwa unaliona lote kutoka barazani. Ba alikula chapati mbili na dengu, nilimchotea mimi kwa mkono wa kushoto. Akala nanasi. Akatazama ziwani, akaomba maji, akanywa glasi nzima bila haraka, akaifunika juu ya meza.

"Haya," akaniambia, "wewe endelea."